Wimbo wa Kuagana

Ukiitazama ramani, Kamina haiko mbali na Kigoma. Unavuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, unashika reli ya kwenda Kabalo ambayo Wabelgiji waliimaliza mwaka 1915, kisha Kabalo unageukia kusini-magharibi kwa kipande kilichounganishwa mwaka 1956. Reli inakuingiza kwenye nyanda za nyasi na miti iliyotawanyika, na mwisho wake ni mji ambao tangu 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami, uliokatwa kutoka Katanga ya zamani. Safari yenyewe ni ndefu kuliko ramani inavyosema. Hata hivyo, msafiri wa Afrika Mashariki huivumilia kwa kuwa ana hakika moja moyoni: huko aendako kunasemwa Kiswahili.

Hakika hiyo ndiyo iliyoniponza. Kiswahili cha Katanga ni Kiswahili kweli, lakini kimelelewa na mama wengine. Watu ni batu, vitu ni bintu, maji ni mayi, barabara ni balabala, ugali ni bukari. Aliyepo nyumbani “eko ku nyumba”. Niliambiwa kwamba kijana wa kunipeleka mjini angekuja na kinga, nikakaa nikijiuliza nakingwa na nini. Alipotokea nikaona ni baiskeli. Kinga ni baiskeli, na Kamina bila kinga haiendi: zinapita zimefungwa magunia ya makaa marefu kuliko anayezisukuma, mabunda ya kuni, madumu ya mafuta ya mawese, mahindi.

Siku hiyo ya kwanza nilizungumza mno. Nilikuwa nasahihisha watu kimoyomoyo na wakati mwingine kwa sauti, nikirudia maneno yao kwa namna ya shuleni kwetu. Mama aliyekuwa akinipikia alinivumilia mpaka jioni. Akaweka bukari na sombe, yaani kisamvu, mbele yangu, akanawa mikono, akasema bila ukali wowote: “Papa, sikia kwanza. Utasema kesho.”

Sura hii nimeiandika kwa sababu ya maneno hayo. Yananikumbusha mgeni mwingine aliyefika mji huohuo miaka mingi kabla yangu, na watoto wa mji huo waliokwenda kuwa wageni kwa watu.

Mgeni huyo ni Guido Haazen, padri wa shirika la Mtakatifu Fransisko, mzaliwa wa Antwerp. Alifika Kamina Septemba 1953, mtu wa miaka thelathini na kidogo, aje kuongoza shule ya misheni. Kongo ilikuwa bado koloni la Ubelgiji. Misheni yenyewe ilipewa jina la Mtakatifu Bavo, mlinzi wa mji wa Ghent. Hata mtakatifu wa mahali alikuwa ametoka ng'ambo.

Ili kuelewa alichokifanya Haazen, lazima tukumbuke misa ilikuwaje siku hizo. Sala zake zilikuwa za Kilatini karibu kutoka mwanzo hadi mwisho, karibu duniani kote. Nyimbo zilikuwa za Kigregori au tenzi za Ulaya zilizotiwa maneno ya lugha za Kiafrika. Ngoma ilibaki nje, na katika misheni nyingi ilipigwa marufuku kabisa kwa kuhesabiwa ushenzi. Sasa Kiluba, lugha ya wenyeji wa Kamina, ni lugha ya toni kama lugha nyingi za Kibantu. Neno lilelile likipandishwa au likishushwa sauti linageuka maana. Ukichukua muziki wa Kiflemi ukaupachika juu ya maneno ya Kiluba, muziki unapanda pale neno linapotaka kushuka, na msikilizaji anasikia kitu kilichovunjika. Sisi wa Kiswahili hatuujui uchungu huo, maana lugha yetu ilikwisha kuziacha toni zake. Kwa Mluba, utenzi wa namna hiyo ni sawa na kusikiliza mtu akitamka jina la baba yako vibaya, kila Jumapili, kwa kibwagizo.

Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Haazen alishika jembe mapema. Ndani ya miezi michache aliunda kwaya ya wavulana wapatao 45, wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15 wa shule, na wapiga ngoma ndani yake. Akaiita Les Troubadours du Roi Baudouin, waimbaji wa Mfalme Baudouin, kwa jina la mfalme kijana wa Ubelgiji. Mwaka 1955 mfalme huyo alizuru Kongo, na watu wakampa jina la Bwana Kitoko, nusu Kiswahili nusu Kilingala. Jina la kwaya ni la kikoloni na sioni haja ya kulipaka rangi. Kilichoimbwa chini ya jina hilo ndicho kinachonishughulisha.

Haazen aliwaacha waimbe vya kwao. Walileta nyimbo za ndoa, za kazi, za kutoka matangani, za askari. Wimbo mmoja wa askari, Banaha, leo huimbwa na watoto wa shule Ulaya na Amerika ambao hawajawahi kulisikia jina la Kamina. Kutokana na mazoezi hayo ndipo ikazaliwa misa nzima, Missa Luba. Maneno yalibaki yaleyale ya misa ya Kilatini, neno kwa neno. Sauti ndizo zilizobadilika. Na hapo kuna jambo ambalo naliona la akili sana, awe aliyelifikiria ni padri au ni waimbaji wenyewe: Kilatini hakina toni za kuvunjwa. Kwa kuwa kilikuwa lugha ya watu wengine, kiliwaachia wavulana wa Kamina nafasi ya kumimina ndani yake sauti zao bila kuumiza neno hata moja.

Misa haikutungwa kwa nota. Ilifumwa mazoezini, kila sehemu ikipewa umbo la wimbo fulani wa kienyeji, na mahali pengi mwimbaji aliachwa abuni papo hapo. Kyrie ilichukua umbo la kasala, maombolezo ya Waluba wa Kasai, ambayo humwita marehemu kwa majina yake na ya waliomtangulia. Katika Credo, panapotajwa kusulubiwa, ngoma inatangulia kutoa habari kama inavyotangaza msiba kijijini. Ngoma hiyo ni kyondo, gogo lililochimbwa tumbo likaachiwa mdomo mwembamba, nalo huzungumza kwa kuiga toni za lugha. Hosanna inapigwa kwa mwendo wa dansi la Kasai. Agnus Dei inatoka kwa Bena Lulua wa upande wa Luluabourg, mji unaoitwa sasa Kananga.

Nilipoziweka sehemu hizi juu ya ramani ndipo nilipoielewa Kamina. Mji huu ni njia panda ya reli. Tawi moja linatoka Lubumbashi kupitia Bukama. Jingine linakwenda Mwene-Ditu, Kananga na kuishia Ilebo kwenye mto Kasai, njia iliyofunguliwa mwaka 1928. La tatu ni lile la Kabalo. Kampuni ya reli na migodi ya Katanga ilivuta maelfu ya wafanyakazi kutoka Kasai, nao wakaja na wake zao, misiba yao na nyimbo zao. Watoto wao walikaa dawati moja na watoto wa Waluba wa Katanga. Misa iliyotoka hapo inafuata reli, stesheni kwa stesheni: inaanzia matangani Kasai, inapita Kamina, inaishia Kananga. Mahali ambapo watu wote ni wenyeji pasingeweza kutoa kitu cha namna hii. Kilihitaji mji wa watu waliofika.

Misa hiyo baadaye ilirekodiwa, na kwenye jalada la sahani ya santuri jina lililoandikwa ni la Haazen. Sina nia ya kumnyang'anya, kwa sababu bila masikio yake hakuna sahani. Lakini wale wavulana 45 na walimu 15 ndio walioitunga kwa vinywa vyao, na karibu wote wamebaki bila majina. Anayejulikana sana ni Joachim Ngoi, mwimbaji kiongozi. Wengine tunawajua kama “kwaya”, na hilo linanikera kila ninapolishika jalada.

Missa Luba iliimbwa kwa mara ya kwanza katika misheni ya Mtakatifu Bavo tarehe 23 Machi 1958, Jumapili, wiki mbili kabla ya Pasaka. Miezi michache baadaye waimbaji walikuwa Ulaya.

Bulaya. Kila Mswahili analijua neno hilo kwa namna yake, lakini kwa mtoto wa Kamina wa mwaka 1958 lilikuwa na uzito wa pekee. Bulaya ndiko walikotoka mapadri, reli, mfalme kwenye picha ya darasani na faranga mkononi. Ila mwendo wote ulikuwa wa upande mmoja. Serikali ya kikoloni haikupenda Wakongo waione Ubelgiji. Thomas Kanza, aliyeingia Chuo Kikuu cha Louvain mwaka 1952, alikuwa miongoni mwa Wakongo wa kwanza kabisa kusoma chuo kikuu huko, baada ya zaidi ya miaka 40 ya utawala wa Ubelgiji. Mtoto wa miaka kumi aliyepanda kwenda Brussels alikuwa anakwenda mahali ambapo mjomba, mwalimu, hata mkuu wa kijiji chake hakuwahi kufika. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwambia abebe nini, amsalimie vipi mkubwa, au baridi ya huko inashikaje.

Na Ubelgiji waliyoikuta ilikuwa imevaa nguo za sikukuu. Maonyesho makubwa ya dunia, Expo 58, yalikuwa yamefunguliwa Brussels tarehe 17 Aprili. Juu ya uwanja wa Heysel palisimama Atomium, matufe tisa yanayong'aa, urefu wa mita 102. Hadi yanafungwa Oktoba, maonyesho yalikuwa yameingiwa na watu zaidi ya milioni 40. Kongo ilipewa eneo lake, lenye majengo ya madini, kilimo, misheni na usafirishaji. Na ndani ya eneo hilo kulikuwa na kijiji.

Kijiji cha nyasi, uzio wa mianzi, na Wakongo ndani yake wakichonga na kusuka ili watazamwe. Wengine walikuwa mafundi wa kazi hizo hasa, watu wenye heshima zao. Watazamaji waliegemea uzio wakawadhihaki, wakawarushia ndizi na njugu kama kwenye bustani ya wanyama. Mafundi walivumilia, wakalalamika, na Julai wakaacha vibanda vitupu wakarudi kwao.

Hawakuwa wa kwanza kupokewa hivyo. Mwaka 1897 Mfalme Leopold II aliwaleta Wakongo 267 akawaweka katika vijiji vya maonyesho huko Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Majira yale yalikuwa ya mvua na baridi. Saba walikufa. Makaburi yao yapo mpaka leo kando ya kanisa la Tervuren, yamepangwa mstari mmoja, majina yao yamechongwa juu ya mawe. Waliwasili Ubelgiji na hawakuondoka tena.

Kwa hiyo mwaka huohuo mmoja wa 1958, mji huohuo mmoja wa Brussels, Wakongo walipokewa kwa namna mbili. Kwenye uzio walitazamwa. Jukwaani, wavulana wa Kamina walisikilizwa. Nimelifikiria sana hili na sipendi kulirahisisha, maana jukwaa nalo lilikuwa na kazi yake kwa serikali: kuonyesha ulimwengu koloni tulivu, watoto safi wanaomwimbia Mungu kwa jina la mfalme, miezi michache tu kabla ya Leopoldville, leo Kinshasa, kulipuka kwa ghasia Januari 1959. Lakini sauti ina kitu ambacho uzio hauna. Aliyesimama kwenye uzio aliweza kucheka akapita. Aliyekaa kwenye kiti na kusikia Kyrie ikiombolezwa kama kasala ilimbidi anyamaze hadi mwisho, na maneno aliyoyasikia yalikuwa yake mwenyewe, ya kanisani kwake tangu utoto, yakimrudia yakiwa na uzito ambao hakuwahi kuujua. Siku ile mwenyeji aliugundua ugeni ndani ya sala yake.

Waliimba Ubelgiji, wakaimba Uholanzi, wakaimba Ujerumani. Misa ikarekodiwa, na kampuni ya Philips ikaisambaza duniani. Baadaye Pasolini aliitumia Gloria katika filamu yake ya Injili ya Mathayo ya mwaka 1964, na Lindsay Anderson akaitumia Sanctus katika If...., filamu ya 1968 kuhusu wanafunzi waasi wa shule ya Kiingereza, ambamo kijana mmoja anairudia sahani ile tena na tena chumbani kwake.

Hiyo Sanctus ndiyo sehemu ambayo mimi pia siwezi kuisikia nikiwa nafanya jambo jingine. Niliijua kwanza kwa sauti za Muungano National Choir ya Nairobi, iliyoongozwa na Boniface Mganga, na ndipo nikairudia ile ya Kamina. Sauti moja inatangulia, nyepesi, haina haraka. Wenzake wanaipokea kwa chini, kama watu waliokaa barazani wanaojua kwamba msemaji hatawahi kumaliza. Ngoma inatembea. Sauti inashuka ngazi kwa ngazi, inasita, inapanda tena kidogo kana kwamba imesahau kitu ndani ya nyumba. Ukifuata maneno ya Kilatini, unasikia Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu, malaika mbele ya kiti cha enzi. Ukifuata sauti peke yake, unasikia mtu anayeondoka.

Na ndivyo ilivyo. Katika misa nzima, Sanctus na Benedictus ndizo zilizofuata umbo la wimbo wa kuagana wa Kiluba, wimbo wa anayeshika njia na wale wanaobaki. Hebu fikiria maana yake kwa watoto wale. Kila walikofika, mbele ya watu waliokuja kuwakaribisha, walisimama wakaimba kwaheri. Hadhira haikujua. Wao walijua. Mtoto wa miaka kumi aliyelala mbali na mama yake alipewa, kila siku, mahali halali pa kutoa kilio chake, ndani ya misa, kwa Kilatini, na watu wakapiga makofi.

Walirudi nyumbani, na nchi waliyorudia haikukaa miaka mingi. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye Moïse Tshombe akatangaza kujitenga kwa Katanga. Waluba wa kaskazini, pamoja na Jason Sendwe na chama chake cha Balubakat, walikataa, na eneo hilo likaungua. Kambi kubwa ya kijeshi ya Kamina, iliyojengwa na Wabelgiji baada ya vita kuu ya pili, ikapita mikononi mwa Umoja wa Mataifa, na Novemba 1964 makomando wa Ubelgiji walitua hapo wakiwa njiani kwenda kushuka kwa miavuli Stanleyville, leo Kisangani.

Lakini linaloniuma zaidi lilikuja kwa reli. Kati ya 1992 na 1994 wenyeji wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Mamia ya maelfu walisukumwa kutoka Likasi, Kolwezi na kwingine, wakalala kwa wiki na miezi stesheni wakingoja nafasi, wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo. Wengi walikufa kabla ya kufika. Njia ya kwenda Kasai ni moja tu, nayo inapita Kamina, kwenye njia panda ileile ambapo kasala ya Kasai na wimbo wa kuagana wa Kiluba viliwekwa ndani ya misa moja. Waliambiwa wanarudishwa kwao. Wengi walikuwa wamezaliwa Katanga, na wazazi wao pia. Waliposhuka Mwene-Ditu walikuwa wanaikanyaga Kasai kwa mara ya kwanza maishani, Kiswahili kikiwatoka mdomoni, wakitazamwa kama wageni na watu waliokuwa na majina kama yao. Nimesoma habari za wahamiaji wengi wa dunia hii. Sijui ugeni mzito kuliko wa mtu anayefika asikokujua huku akiambiwa ndiko nyumbani.

Mama aliyenipikia alinisimulia kidogo juu ya treni zile. Alisema watu wa mtaani walipeleka maji stesheni. Hakusema zaidi, nami nilikuwa nimekwisha kujifunza kutodai.

Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza. Treni ilikuwa haijafika, na jukwaani watu walikuwa wamekalia mizigo yao: mabeseni, kuku waliofungwa miguu, kinga tatu zimelazwa chini. Nilimwomba anifundishe namna ya kuaga kwa Kiluba. Akasema mara moja, polepole. Nikarudia. Akatikisa kichwa, akasema tena, safari hii akiipandisha sauti mahali ambapo mimi niliishusha. Nikarudia, nikakosea vilevile. Kijana mmoja aliyeketi juu ya gunia akaona tabu yangu, akanisemea. Bibi aliye kando yake akamwambia hapana, si hivyo, yule amesema kama watu wa mjini, akanisemea yeye kwa namna ya kwao. Wakaanza kubishana. Nikakaa kwenye mzigo wangu katikati yao, nikasikiliza.